Beki Asiyetaka Kutoka

La Rochelle, Johannesburg
Jumapili jioni

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani na goti limekuacha ulale vizuri usiku. Uniambie ukweli kuhusu hilo goti, maana kila nikimuuliza Kaka Hamisi ananijibu, "Mzee yuko fiti," na mimi fiti ya Hamisi naijua. Dawa ya kuchua niliyompa yule kijana wa Ujiji ilifika? Na mke wa Hamisi anaendeleaje na huo ujauzito, miguu bado inavimba? Sisi huku wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi unakuta maji ya ndoo ya nje yameganda juu. Umeme ukikatika, cherehani zote zinanyamaza na sisi tunabaki kutazamana. Ilikuwepo pia wiki moja ya maneno mabaya kwa sisi wageni, tukawa tunafunga duka mapema. Imepita, usikose usingizi kwa hilo.

Uliniuliza kwenye simu, "Huyo mjukuu wangu anacheza mpira gani huo wa kwenye barafu?" halafu mtandao ukakatika. Nimeona nikuandikie, kwa sababu jibu lake ni refu, na kwa sababu mimi mwenyewe nimelijua majuzi tu.

Zawadi ni beki, Baba, kama ulivyokuwa wewe. Ana miaka kumi na sita sasa na amenizidi urefu. Ilianza mwaka jana, klabu moja ya mpira wa magongo wa barafu iliponiletea jezi na soksi zilizochanika nizishone. Nilipopeleka kazi nilikwenda naye. Uwanja wenyewe uko ndani ya jengo la maduka, nje jua linawaka, ndani barafu tupu na baridi ya kukata masikio. Walimwazima viatu vyenye chuma chini, akaanguka, akainuka, akaanguka, na alipotoka pale alikuwa hasikii la mtu. Mpaka leo wanamwachia vifaa vya klabu, nami nawashonea vinavyochanika.

Wanacheza watano na kipa. Badala ya mpira kuna kidude kigumu cha mviringo, cheusi, kama kifuniko cha kopo, wanakiita paki, nacho kinapigwa kwa fimbo ndefu. Kinakwenda kasi mpaka macho yanakosa pa kushika. Wachezaji wanabadilishana wakati wowote bila mchezo kusimama: mmoja anateleza hadi benchi, mwingine anaruka kuingia. Wanabadilishana hivyo kwa sababu wanachoka upesi sana. Mtu akifanya kosa, tuseme amemkwatua mwenzake kwa fimbo, anafungiwa kwenye kibanda pembeni kwa dakika mbili, na timu yake inabaki na wanne mbele ya kipa dhidi ya watano. Huko ndiko kucheza pungufu. Ni dakika mbili tu, lakini kwa mzazi aliyeko jukwaani ni ndefu kuliko foleni ya uhamiaji.

Kazi ya Zawadi ilikuwa hiyo, kuzuia timu inapokuwa pungufu. Sasa jioni moja alirudi mazoezini, akatupa begi, akakataa chakula. Nikamuuliza kuna nini. Unajua yeye Kiswahili anakisikia chote lakini kujibu anajibu kwa lugha za huku, basi siku hiyo, kwa hasira, akanijibu kwa Kiswahili.

"Kocha anasema mimi ndio tundu."

"Tundu gani?"

"Tundu ya timu. Mabao inaingia kwangu."

Kocha wao anaitwa Deon, mtu wa hapahapa, si mtu mbaya. Alikuwa amehesabu mabao yote waliyofungwa msimu huu wakiwa pungufu, akaona mengi yaliingia Zawadi akiwa kwenye barafu. Akamwambia hatamtumia tena kwa kazi hiyo, na kwenye safari ya mashindano Cape Town huenda asiwemo kabisa.

Baba, mimi siku zote nilijua mwanangu anacheza, lakini mechi ni Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Sikuwa nimeziona mechi zake zaidi ya moja. Nilipolala nikawa najiuliza: ni kweli? Huyu mtoto ni tundu? Sikutaka kumtetea tu kwa kuwa nimemzaa. Nilitaka kujua.

Chumba cha uani anakaa msichana wa Kikenya, Atieno, anasomea shahada ya udaktari ya takwimu kule chuo kikuu cha Braamfontein na kufundisha kidogo. Mtu wa kucheka sana na kuuliza maswali. Kesho yake nikamweleza, nikidhani ataniambia nimpigie kocha kelele. Akaweka kikombe chini.

"Hebu niambie, Mama Zawadi. Hizo dakika za pungufu, Zawadi anacheza kiasi gani?"

"Nyingi. Karibu zote."

"Sasa mtu akicheza karibu zote, si lazima mabao mengi yamkute yeye? Wewe ukishona nguo nyingi kuliko Mama Beni, si zitakazorudishwa nyingi zitakuwa zako?"

Mama Beni ni Mkongo wa Lubumbashi tunayeshirikiana naye duka. Alikuwa pale anapiga pasi. Akasema, "Angalia sana mfano yako, weye mutoto," tukacheka. Lakini mimi lile neno liliniingia. Kocha alikuwa amehesabu mabao, hakuhesabu muda.

Basi Jumapili iliyofuata tukafunga duka, tukakaa watatu na kompyuta ya Atieno. Mechi zote zinarekodiwa na mzazi mmoja na kutumwa kwenye kundi la simu. Tukatazama kila mahali timu ilipokuwa pungufu. Mimi nasema, "Zawadi kaingia," "Zawadi katoka," Mama Beni anasema, "Wamepiga!" na Atieno anaandika. Mwanzoni sikuona kitu ila watoto wanaoteleza. Baadaye macho yakazoea. Nikaanza kumjua kwa anavyoinama, fimbo ameilaza mbele kufunga njia, na nikajikuta nampigia kelele mtu wa kwenye video.

Tulipogawanya mabao kwa muda, Zawadi hakuwa mbaya kuliko wenzake. Alikuwa sawa nao, pengine nafuu kidogo. Nikataka kunyanyuka nikamwambie papo hapo. Atieno akanishika kanga.

"Subiri. Mabao ni machache sana, Mama Zawadi. Moja likigonga mguu wa mtu likaingia, hesabu yote inapinduka. Tuangalie mashuti. Mashuti ni mengi, hayadanganyi haraka."

Tukarudia tena kutoka mwanzo, safari hii tukitazama kila shuti limepigwa kutoka wapi. Hapo Baba nilifurahi, maana Zawadi akiwepo wale wa upande wa pili walipiga kutoka mbali na pembeni, ambako kipa anaona vizuri. Mlangoni hawafiki. Mama Beni akasema, "Uyu mutoto anafunga mulango kabisa!"

Lakini Atieno hakucheka. Alikuwa anarudisha video nyuma, anaiangalia, anarudisha tena.

"Kuna kitu," akasema. "Mashuti ya karibu yapo. Yote yanakuja mwishoni. Anapoingia yuko moto. Akishakaa sana kwenye barafu, anachelewa. Tazama wenzake, paki ikipigwa mbali kule mwisho wa uwanja wanakimbilia benchi, mwingine aingie. Yeye anaikimbilia paki."

Akanionyesha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilikuwa kweli. Mwenzake Lerato amesimama benchi, mguu mmoja tayari juu ya ukuta, anamwita kwa mkono, na Zawadi anampita kama hamwoni. Halafu sekunde chache baadaye miguu mizito, fimbo imeinuka, na mtu anapita palepale alipopaziba vizuri mwanzoni.

Hivyo kocha alikosea, na kocha alipatia. Sikupenda jibu hilo. Nilikuwa nimekuja kutafuta moja kati ya mawili, nikapewa yote.

Nilimwambia Zawadi jioni ile tukimenya viazi. Nilianza na yale mazuri, muda na mashuti ya mbali, uso ukafunguka. Nilipofika kwenye kutoka, ukafungika.

"Kwa hiyo umekaa na watu mnaniangalia makosa yangu."

"Tumekuangalia wewe. Nimekuona mechi zote."

"Nikitoka, wakifungwa je?"

"Lerato si yupo?"

Kisha akasema, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba na mimi je? Kwamba Mama Beni kila siku ananiambia nenda nyumbani nitamalizia, na mimi sitoki mpaka mgongo umekataa kunyooka. "Wewe unatoka lini, Mama?" Akaacha kisu, akaenda chumbani.

Niliendelea kumenya viazi.

Atieno alichora matokeo kwenye karatasi moja, mistari na nukta, na mimi nikampelekea Kocha Deon siku ya mazoezi pamoja na jezi zake. Nilidhani atanishangaa, fundi cherehani na nukta zake. Alisoma amesimama, akavua kofia, akakuna kichwa. "Eish. Muda sikuufikiria," akasema. Alipofika kwenye mashuti ya mwisho akaguna. "Hili nalijua. Nimemwita mara ngapi mtoto huyu, hasikii." Mwisho akasema atampa mechi moja. Akigonga ukuta wa benchi kwa fimbo, Zawadi atoke. Asipotoka, basi.

Jumamosi yenyewe nikawa nasitasita na nguo za harusi mezani. Mama Beni akanivua tepu shingoni. "Weye enda. Mashini haitakimbia. Mimi niko." Nikaenda, mimi na Atieno, tumejifunga mablanketi kama wagonjwa.

Kipindi cha kwanza hakuna kitu. Cha pili, mchezaji wetu akafungiwa kibandani. Zawadi akaingia, akainama, fimbo mbele. Wale wakazungusha paki huku na huku, hawapati njia. Akainasa, akaipiga mpaka kule mwisho. Kocha akagonga ukuta, ko ko ko. Nilimwona Zawadi akiitazama ile paki inavyokwenda. Mwili wake wote ulikuwa unaitaka. Kisha akageuka, akateleza hadi benchi, na Lerato akaruka kuingia.

Na tukafungwa. Haikupita muda, paki ikagonga kisigino cha Lerato, ikabadili njia, ikapita chini ya kipa.

Nilifunika uso kwa blanketi. Nilipofunua, Zawadi alikuwa ameketi benchi ananitazama jukwaani. Sijui aliniona au la, ana kofia yenye wavu usoni, lakini uso umeelekea kwangu. Nikamwambia Atieno, "Tumemharibia mtoto." Yeye akasema, "Bao moja, Mama Zawadi. La kisigino. Alifanya sawasawa." Nikaona hasira, maana maneno hayo ni ya kweli lakini hayana joto.

Kipindi cha tatu, matokeo mbili kwa mbili, mwamuzi akapiga filimbi: tuko pungufu tena. Kocha akamwita Zawadi aingie. Sikuweza kukaa. Akazuia shuti kwa mguu, nikausikia mlio. Akasukumana na msichana mkubwa kuliko yeye kwenye kona, akaitoa paki, akaipiga mbali. Ukuta ukagongwa, ko ko ko. Safari hii hata mimi, Baba, moyoni nilikuwa namwambia baki. Baki, mwanangu, wewe ndiye unayeweza. Nilikuwa nimeziona zile nukta zote na bado nilitaka abaki.

Alitoka. Aligeuka moja kwa moja, hakuitazama hata paki inakwenda wapi, akapiga mkono wa Lerato walipopishana, akaketi. Nami nikasimama juu ya kiti, blanketi likaanguka, nikampigia makofi peke yangu ukumbi mzima. Watu waligeuka kumtafuta aliyefunga bao. Hakuna aliyefunga bao. Mtoto wangu alikuwa ameketi.

Hatukufungwa tena. Iliisha mbili kwa mbili. Jumanne kocha akasoma majina ya Cape Town, na Zawadi yumo, katika kazi yake ileile. Atieno bado anasema mechi moja haithibitishi lolote, tusubiri msimu uishe, na amepata hamu kuliko mimi. Nami nimekubaliana na Mama Beni kwamba siku mbili kwa wiki nitaondoka saa kumi. Leo ni mojawapo, ndiyo maana nimepata kukuandikia marefu hivi.

Mpe Mama Mdogo shikamoo yangu, na umwambie vitenge vyake nimevipata, rangi ni ileile niliyoitaka. Kaka Hamisi mwambie aache kunificha mambo ya goti lako. Wifi yangu mpe pole na huo uzito, aweke miguu juu ya mto akilala. Jirani yetu muuza mkaa, kama bado ananikumbuka, naye msalimie. Zawadi ameomba nafasi hapa chini aandike mwenyewe. Sijamsahihisha.

Nakuombea afya na usingizi, Baba. Nakukumbuka kila siku.

Binti yako,
Asha

Babu shikamoo. Eish, Kiswahili ni ngumu kuandika. Mama ameandika mingi lakini ni kweli yote. Mimi nilikasirika kwa yeye na kwa Atieno, sasa imebaki kidogo tu. Kukaa benchi ni mbaya sana Babu. Unaangalia tu, mikono haina kazi, na moyo inapiga kuliko ukiwa unacheza. Lerato aliniambia asante. Sikujua kama yeye alikuwa anataka kuingia muda yote hiyo. Nitatoka tena.

Zawadi