Sindano za Mama na Vidonge Vyake

Jumamosi, 3 Oktoba 1998
Nampa Mama chai kabla ya zamu, chai ikamtoka pembeni mwa mdomo. Uso umepinda. Jicho la kushoto halifungi. Nikampakia garini mpaka hospitali ninakofanya kazi, hapa Nizwa. Si kiharusi, alhamdulillah. Mshipa wa uso umevimba. Daktari wetu kampa vidonge, vianze leo leo, maana jicho likikaa wazi litakauka liharibike. Mama anataka kwenda Fanja, kwa mzee anayechoma watu chuma cha moto nyuma ya sikio. Nimekataa. Kaninunia.

Jumapili, 4 Oktoba
Tumepatana. Hospitali ina daktari wa Kichina, mwanamke, wa sindano. Mama kakubali kwa sababu sindano nayo ni chuma. Niliingia naye, nilitaka kuona. Nyembamba kama unywele, wala hazina dawa ndani. Kumi na moja usoni, mbili mkononi. Kwa nini mkononi? Nimeuliza. Kiarabu chake kidogo, sikufahamu kitu. Mama kasinzia pale pale.

Jumanne, 6 Oktoba
Mama kaamuru udi nisichome. Samaki nisipike. Jirani kaja kumtazama, karudishwa mlangoni kwa sababu kajitia manukato. Nikauliza kulikoni.

"Mwanangu, aliyetiwa chuma hanusi manukato, hali samaki, wala hachanganyi dawa nyengine."

Dawa nyengine? Nikaenda kutazama vidonge. Paketi nzima, hakugusa hata kimoja. Siku tatu namuuliza kama kameza, ananiitika. Na mimi muuguzi. Nimeona haya, na nimeogopa sana.

Jumatano, 7 Oktoba
Jicho jekundu. Daktari wetu kafoka, haki yake. Yule Mchina kamaliza sindano zake, kachukua vidonge, kampa Mama kwa mkono wake na glasi ya maji. Akamwambia, "Hivi ni vya sindano." Mama kameza.

Nje nikamwambia umemdanganya. Kasema hapana, kwa Kiarabu chake kidogo na ishara za mikono. Kwao hospitali ni moja, mgonjwa mmoja, sindano na vidonge sinia moja. Nimelifikiria hilo njia nzima.

Ijumaa, 23 Oktoba
Uso wa Mama unarudi. Daktari wetu anasema ni vidonge. Mchina anasema vyote. Mama anasema ni kuacha samaki. Mimi sijui, na ningependa kujua.

Mdomo bado umepinda kidogo. Mchana kalala, jicho limefunga, lote. Nimekaa namtazama mpaka adhana ya alasiri.