Mama na Gari Nililolinyanyua

S.L.P. 20417,
Kitwe, Zambia.
Jumapili, 11 Oktoba 1998.

Mpendwa shemeji Anselim,

Leo nimetimiza miaka thelathini na saba na miezi miwili tangu nilipoondoka Ifakara. Nimehesabu asubuhi hii niliporudi kanisani, nikiwa nimeketi na karatasi hii, kwa sababu kuhesabu kulikuwa rahisi kuliko kuanza kuandika.

Nakusalimu sana. Hujambo? Mgongo uliokuwa ukikusumbua wakati wa kuvuna umepoa? Mkeo Nelly, je, ameacha kukohoa? Wajukuu walioandika "shikamoo babu" chini ya barua yako waambie marahaba, na yule aliyechora treni mwambie amesahau kuiwekea injini.

Mimi ni mzima. Macho tu ndiyo yananitania: nasoma kurasa tatu nne, halafu herufi zinaanza kutembea. Huku mvua bado. Duka la vitabu sasa analiendesha mwanangu Venance, mimi hukaa pembeni nikipanga madaftari.

Barua yako ya mwezi uliopita aliniletea Bwana Alfonsi, yule anayefanya biashara zake kwa treni, na hii pia nampa yeye ili isichelewe posta. Habari za mpunga zimenifurahisha. Habari ya dada yako Balbina haikunifurahisha, na ndiyo inayonifanya niandike.

Unasema hujazungumza na dada yako tangu Julai. Unasema Siku ya Marehemu, ukoo utakapokutana Idete, mtamtoa Balbina katika nyumba ya Mama, mzazi wenu na mkwe wangu, na kumkabidhi Mama kwa mtu mwingine, kwa kuwa siku ya upadrisho wa mwanangu Emanuel alimwacha Mama mgonjwa peke yake, akakimbilia pilau mjini. Unasema Mama mwenyewe akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake mmekuchukua kuwa ushahidi.

Anselim, Mama hakuwa mgonjwa siku ile. Aliyesema ni mgonjwa ni mimi.

Nivumilie nieleze kwa mpangilio, maana jambo lenyewe linaanzia kwenye gari.

Unakumbuka lilivyokuwa nilipokuja nalo mara ya kwanza, Septemba 1996. Nililinunua kwa mhandisi wa migodini aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Halikuwa na springi za chuma kama magari mengine. Kila gurudumu lilibebwa na mfuko wa mpira uliojaa upepo, na pampu ndogo iliujaza au kuupunguza. Karibu na usukani palikuwa na swichi. Ukitaka kuvuka maji, gari linanyanyuka. Ukitaka kupakia mtu, linashuka taratibu, likihema. Kitabu chake nilikisoma chote, hata kurasa za fyuzi. Kiliandika wazi kwamba kimo cha chini kabisa kimewekwa ili abiria wapande na kushuka bila taabu. Sikuwa mtu asiyejua.

Safari ile nilimchukua Mama Idete nimlete kwako Mlabani, hapo Ifakara mjini. Unajua nyonga yake. Unajua pia kwamba tangu nimwoe dada yenu, marehemu Domitila, Mama na mimi tumesalimiana yeye akiwa amegeuza uso na mimi nikiwa nimeinama. Hatujawahi kushikana hata mkono. Nilibonyeza swichi, gari likashuka, akaingia mwenyewe na fimbo yake, akaketi. Hakuna aliyemgusa. Tulikwenda mwendo mrefu, kisha akasema akiangalia dirishani, "Baba Emanuel, gari lako lina adabu."

Katika miaka yote ya kuwa mkwe wake, hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Tulipofika Mlabani, mbele ya maduka, nikalishusha tena ili ateremke. Vijana waliokuwa barazani kwa fundi baiskeli wakaacha kazi.

"Oyaa, tazameni, gari la mzee linachuchumaa!"

"Liacheni, limeshikwa na tumbo!"

"Mzee, choo kiko nyuma ya duka!"

Wewe ulicheka, Nelly akacheka, hata Mama mabega yalimtikisika ndani ya kanga. Ulikuwa mzaha mdogo. Mtu mwingine angecheka nao na kusahau. Mimi niliubeba siku tatu za barabara mpaka Kitwe, na nilipofika sikuutua. Mtu aliyekaa ugenini muda mrefu hurudi kwao na picha yake kichwani, jinsi atakavyoshuka, jinsi watakavyomtazama. Picha yangu haikuwa na choo ndani yake.

Mwaka jana mvua kubwa zilipoanza nikapata kisingizio. Nikamwita fundi Osward, nikamwambia atoe mifuko yote na pampu yake, aweke springi ndefu za chuma, matairi makubwa, bomba la kuvutia hewa linalopanda mpaka kwenye paa, na winchi mbele ya kujivuta matopeni. Osward alisimama akijifuta mikono.

"Mzee, una hakika? Hili gari ni huo upepo. Ukiutoa unabakiwa na lori lenye viti vya ngozi."

Nikamwuliza barabara za kwetu anazijua nani, mimi au yeye.

"Haya. Ila ujue halitashuka tena."

"Lishuke kwenda wapi?" nikamjibu.

Nilipoingia nalo Mlabani mwezi Julai hakuna aliyecheka. Watoto walilifuata tangu njia panda. Wewe mwenyewe ulipiga teke tairi ukasema, "Sasa hili ndilo gari, shemeji." Sikufichi, jioni ile nilikuwa na furaha ambayo mzee wa miaka sitini na saba hapaswi kuipata kwa ajili ya matairi.

Mlikuwa mmekubaliana kwamba, kwa kuwa Domitila hayupo, Mama ndiye atakayemkabidhi Emanuel kasula yake, vazi la kusomea misa, mbele ya askofu. Ilikuwa haki yake. Nilimrudisha mtoto yule Idete akiwa na miaka saba, na yeye ndiye aliyemlea, akamfuta kamasi, akamshika mkono kila Jumapili kwenda misa. Balbina aliniambia kwamba kasula ile Mama aliikunja ndani ya kanga mpya na wiki nzima alilala nayo karibu na kichwa.

Balbina alitaka kubaki na Mama ili waje pamoja. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilikwenda Idete Ijumaa nikamwambia, "Kesho wewe tangulia na trekta la mchele na kuku, wapishi wanakungoja. Mama nitamfuata mwenyewe."

Akalitazama gari. "Shemeji, atapandaje? Limekuwa refu mno."

"Hilo niachie mimi."

Basi Jumamosi alfajiri alimwogesha Mama, akamnywesha uji, akamvalisha, akamkalisha mlangoni na fimbo yake, ndipo akaondoka. Hilo ndilo kosa lote la Balbina: aliamini neno langu.

Nilifika saa moja na nusu. Kijiji kilikuwa kitupu. Wengine walikwisha kwenda Ifakara, wengine walikuwa mashambani wakivuna. Nilifungua mlango wa nyuma. Sakafu ya gari ilimfika Mama tumboni.

Nikaleta kigoda. Hakikutosha. Nikaleta kinu, nikakipindua. Mama akapanda kwa mguu mzima, mguu wa nyonga mbovu ukakataa kuufuata, kinu kikayumba, akashuka akishika ukuta. Akajaribu tena. Mimi nilisimama hatua tatu nyuma yake, mikono nimeikunja, kama mtu anayesikiliza Injili.

Utasema ni mila, mkwe hamgusi mama mkwe wake. Mimi pia nilitaka kukuandikia hivyo. Nimechana barua mbili zilizosema hivyo. Lakini marehemu baba yako, mwaka mmoja wa mafuriko, alimbeba mama mkwe wake mgongoni kutoka shambani, na maji yalipopungua wazee wakakaa, wakamcheka, wakala kuku mmoja, yakaisha. Ulinihadithia wewe mwenyewe. Nililikumbuka pale pale, nimesimama.

Tena kuna zaidi, na hili sijamwambia mtu. Walipita Msukuma mmoja na mkewe, ng'ombe wao wakiwa mbele. "Mwangaluka, mzee!" wakanisalimia kwa Kisukuma. Mume akalitazama gari, akamtazama Mama, akakitazama kinu.

"Mzee, hili gari mlimpimia twiga?"

Mkewe akacheka mpaka kibuyu cha maziwa kikamtikisika kichwani. Kisha, bila kuombwa, akakitua chini, akajifunga kitenge vizuri. "Bibi, shikamoo. Mimi nitakushika huku, mume wangu huku. Huyu mkweo asimame pale pale alipo, hata kwetu ni hivyo hivyo."

Dakika mbili zingetosha. Nikawaambia, "Asanteni, endeleeni na safari yenu. Kuna mtu tunamngoja."

Mwanamke alinitazama, akamtazama Mama, akajitwika kibuyu chake.

Hakukuwa na mtu tuliyemngoja. Niliwakataa kwa sababu walicheka. Niliona kwamba wakishamnyanyua, habari itafika kila kunakopelekwa ng'ombe, na kesho yake itakuwa Mlabani: mzee wa Kitwe kaja na gari ambalo mama mkwe wake hupakiwa na wapita njia. Mila niliivaa baadaye, kama mtu anayevaa shati watu wakibisha hodi.

Walipokwisha kwenda, Mama akauliza huku akiutazama ukuta, "Baba Emanuel, tunamngoja nani?"

"Balbina," nikasema.

"Balbina kaondoka na trekta."

Tulikaa hivyo, yeye kwenye kigoda, mimi kando ya gari, mpaka saa tatu ilipokaribia. Mama akainuka, akaiweka kanga yenye kasula juu ya kinu ili niichukue bila kupokezana naye mkononi.

"Nenda, baba. Mtoto asisimamishwe kwa ajili yangu. Ukifika useme utakavyoona. Mimi sina neno."

Nikaenda. Nilipotazama kwenye kioo alikuwa bado amesimama, amevaa nguo zake zote za sherehe.

Emanuel aliponiona mlangoni mwa kanisa alitazama nyuma yangu. "Baba, Bibi yuko wapi?" Nikamwambia Bibi amezidiwa asubuhi. Wewe ulikuwa hapo karibu, ukasema, "Mama kazidiwa, na Balbina yuko hapa anakata vitunguu?" Sentensi moja kutoka kwangu ingeyamaliza yote pale pale, shemeji. Nilijifanya natafuta miwani.

Kasula niliikabidhi mimi. Ile picha uliyonitumia, ambayo unasema nimesimama wima kama kijana, nimeiweka ndani ya kitabu nisichokusudia kukisoma tena. Najua Emanuel alikwenda Idete Jumatatu, akamsomea Mama misa na kumbariki. Nashukuru. Lakini Jumatatu si Jumamosi.

Sasa ombi langu. Mama hawezi kusema, maana akisema ananitaja mimi, na yeye si mwanamke wa kumtaja mkwe wake kwa ubaya. Balbina hawezi kujitetea, maana hakuwapo. Wale wenye ng'ombe sijui walikohamia. Nimebaki mimi. Barua hii isome Idete mbele ya ukoo kabla mtu yeyote hajatoa neno, na uisome yote, hata pale nilipochekwa. Usinipunguzie kwa huruma. Kabla ya siku hiyo nenda wewe mwenyewe kwa dada yako, ukamwombe radhi, na umfikishie ya kwangu: kwamba alinionya na sikusikia, kwamba nilimtaja kwa uongo mbele ya Mama, na kwamba miezi mitatu nimemwacha abebe lawama wakati kalamu ninayo. Mama abaki na Balbina, na Balbina abaki katika nyumba ile.

Emanuel nimemwandikia leo hii barua yake, yenye maneno haya haya.

Utaniuliza habari za gari. Lipo uani. Nilimwomba Osward arudishe ile mifuko ya upepo. Alikwisha kuiuza, imevuka mpaka kwenda Lubumbashi. Venance hulitumia kupeleka vitabu shule za mbali, na kila linapopita watu hulisifu. Mimi silipandi.

Umeandika pia kwamba nije Desemba tuzungumze ana kwa ana, wakubwa kwa wakubwa. Nimelifikiria sana. Nikisimama mbele yenu nitatafuta maneno ya kunipendeza, na ninyi kwa heshima mtayapokea. Nimekwisha kujijua. Karatasi ninaweza kuichana nikaanza upya. Mdomo wangu sijauweza.

Nisalimie Nelly, na jirani yako mzee Kelestini, na mwalimu Yunis ambaye bado namdai majibu ya barua mbili. Balbina msalimie kabla ya hao wote. Mama usimpe salamu zangu kwa sauti; mwambie tu kwamba nimeinama. Mungu awape afya, mvua ya kiasi, na mto ukae mahali pake, nanyi wawili mliozaliwa tumbo moja awakalishe tena kwenye mkeka mmoja.

Kile kiwanja changu cha Mlabani, ambacho kila mwaka nilikuandikia kwamba nitakuja kukijenga, mpeni Balbina. Sitarudi Ifakara.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata sasa,

Dionisi