Asante Uliyomwambia Mheshimiwa

Kijiji cha Litingi,
Bonde la Ruvuma,
Nanyamba, Mtwara.

9 Agosti 2023

Mpendwa mjukuu wangu Farida, mke mwenzangu,

Shikamoo yako nimeshaiitikia kabla hujaileta: marahaba. Hujambo huko Dodoma? Kile kifua kimepoa? Unakula, au bado unashinda na chai na andazi kwa kukimbizana na wakubwa? Kula, mama.

Mimi ni mzima wa kuhema. Magoti yamekataa kazi, macho yana ukungu, ila mdomo Mungu kaniachia. Anayeshika kalamu ni mwalimu Beatrice wa shule ya hapa. Ni mtu wa Mbeya, ana mwandiko mzuri na woga mwingi. Nimemwapisha aandike kama ninavyosema.

Muhogo umefukuliwa na nguruwe. Mikorosho imeanza kutoa maua. Dada yako Amina kajifungua mtoto wa kike, wamempa jina langu, maskini mtoto.

Sasa nisikilize.

Ile redio ya mjomba wako Selemani bado ipo dirishani. Unakumbuka alivyokuwa akigombana nayo? Mkubwa akizungumza na waandishi habari za vita vya dunia, yeye anamjibu huku anamenya muhogo: "Mwongo we, njoo huku uone!" Mkewe Halima anamwambia, "Hakusikii huyo." Naye: "Ndiyo maana namtukana kwa raha."

Jumanne ya wiki iliyopita tuliiwasha kwa sababu ulisema utakuwepo kati ya waandishi watakaomhoji mheshimiwa. Tulikuwa mimi, Halima, Shehe Idrisa, hata mwenyekiti wa kijiji, Shabani, alikuja na kiti chake. Mheshimiwa akaulizwa bei ya mafuta, akaulizwa gesi yetu, akaulizwa vita vya mataifa nisiyoweza kuyataja. Kisha nikasikia sauti yako. Nilipiga kigelegele. Ukauliza hali ya mpaka wa kusini. Akasema mpaka ni shwari, na hakuna Mtanzania hata mmoja aliyepotelea ng'ambo ya mto. Ukasema, "Asante, mheshimiwa."

Halima alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akaingia ndani.

Farida, ulisahau au uliogopa? Kwenye simu tulikwambia tu kwamba mjomba wako hajarudi, maana simu si ya maneno haya. Leo nakupa yote.

Juni mwaka jana mwanangu Selemani na rafiki yake Mohamedi walivuka kuvuna mpunga, kama walivyovuka baba zao. Shamba letu liko ng'ambo, na mto ule haujawahi kumwuliza mtu ni wa nchi gani. Siku ya tatu watu wenye bunduki wakatoka kwenye matete. Mohamedi alirudi peke yake, kaogelea, ana risasi ya paja. Alimwona mjomba wako akianguka majini, maji yakageuka rangi, hakumwona akiinuka. Aliyasema hayo kwa Shabani, yakaandikwa kwenye daftari. Kusoma sijui, lakini dole gumba la Mohamedi nililiona likigonga karatasi.

Tukasubiri mwaka mzima, labda mto utatupa japo shati. Haukutoa. Ndipo Shehe Idrisa akasema yatosha, shahidi yupo: tumsalie, tusome hitima, Halima aingie eda. Tukapanga Ijumaa, wiki ileile ya redio. Mchele aliokuwa anapepeta ulikuwa wa hitima.

Asubuhi baada ya ile redio Shabani kaja, kofia mkononi. "Bibi, mheshimiwa kasema hakuna aliyepotea. Nikiruhusu matanga, wataniuliza nimemzika nani."

Nikamwambia, "Shabani, kitovu chako nilikikata mimi. Ningejua, ningepitisha wembe na kwenye ulimi."

"Sawa, Bibi. Lakini mjukuu wako mwenyewe alikuwa pale, msomi, akamshukuru. Wewe unataka mimi nimbishie?"

Nikamwambia Halima aufunike mchele. Mimi, Farida, nikamwambia hivyo.

Kwa hiyo Halima si mke, si mjane. Kukaa eda hawezi, kurudi kwao hawezi. Kila jioni anamwekea mumewe tonge la ugali chini ya kawa, na kila asubuhi kuku ndio wanaolila. Asante yako ndiyo imemweka hapo.

Najua kazi hiyo ndiyo ugali wako na wa mama yako. Najua mkubwa hapendi kubishiwa mbele za watu. Mwalimu hapa ananikunjia uso, anataka nisiseme "uongo". Nimemwambia aandike: ni uongo. Labda si wake. Labda daftari la Shabani halijawahi kutoka kabatini. Basi aambiwe, ajue.

Nasikia mwezi ujao anakuja Mtwara mjini, na ataketi tena na waandishi. Omba utumwe. Simama umwulize: "Mheshimiwa, Selemani Hamisi Nambunga wa Litingi yuko wapi?" Usiongeze neno. Akisema hamjui, akisema atafuatilia, akikasirika, kwangu vyote sawa. Shabani kaapa mbele ya Shehe Idrisa: jina likitajwa mbele ya mkubwa na mkubwa asiweze kusema yuko wapi, yeye atatoa ruhusa siku hiyohiyo.

Kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Ulipougua surua, nani alikubeba mgongoni hadi Nanyamba, usiku kucha anakuimbia ovyo ili usilale? Leo yeye ndiye hana wa kumbeba.

Ukiogopa, sitakulaani. Nitakupenda vilevile, ila nitakupenda nikiwa nimenuna.

Msalimie mama yako, mwambie kaka yake hajasahauliwa huku. Msalimie na Joyce unayekaa naye. Amina na kichanga chake wanakusalimu, Mohamedi na mguu wake anakusalimu, Shehe Idrisa anakuombea. Halima kaniletea kiti nilipoanza barua hii, na bado kasimama mlangoni anasikiliza.

Mwenyezi Mungu akutie nguvu ya magoti aliyoninyima mimi, na aulinde ulimi wako usikauke siku hiyo.

Usinijibu kwa barua. Mchele tumeufunika kwenye debe, haujaguswa. Tutakuwa tumewasha redio.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikugombeza,

Somoe binti Nankanga