Baba, Wanasema Mutwanga Kumetulia

Baba yangu uliyebaki Mutwanga,

Wanasema huko kwako kumetulia. Habari hiyo ililetwa kwangu hapa Butembo, kwenye redio ndogo ya kanisa ambako kila Jumamosi asubuhi ninawaeleza watu habari za nchi na za soko: kodi mpya ya mpakani, bei ya kakao, mapatano ya amani yanayotiwa saini katika miji ambayo sitaiona kamwe. Hukuwahi kunisikia nikifanya kazi hii, kwa sababu niliianza baada ya kifo chako. Watu wananiambia ninaongea kama wewe. Wengine wanasema hivyo kwa sifa, wengine wamechoka tu.

Ni kweli, nimekurithi. Nakukumbuka asubuhi, redio yako juu ya dirisha, kikombe cha kahawa mkononi, ukibishana na msomaji wa habari kana kwamba amekaa mbele yako. Akisema serikali imeamua, unamuuliza: "Imeamua na nani?" Mama anacheka jikoni. Sisi watoto tulikuwa tunangoja umalize ndipo tuombe ruhusa ya kwenda shule.

Unakumbuka siku ya jiwe la daraja? Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mheshimiwa alikuja na magari, akaweka jiwe la kwanza kando ya mto, na sisi wanafunzi tukaimba. Watu wote walisimama wakapiga makofi, isipokuwa wewe, mzee wa kanisa mwenye koti, uliyebaki umekaa kwenye benchi. Mheshimiwa akakuuliza kwa heshima kama unaumwa. Ukamjibu: "Mimi muzima, Mheshimiwa. Lakini jiwe moja haiko daraja. Cimenti iko wapi?" Nilitamani ardhi inimeze. Msimu uliofuata jiwe lilikuwa palepale, na wamama walikuwa wanaanika mihogo juu yake. Toka siku hiyo nikaanza kukusikiliza.

Kisha ukaja wakati wa wauaji wa porini, na zile mbio. Mara ya kwanza watu walipopiga kelele "Banakuja! Banakuja!", mtaa mzima ulikimbilia Beni. Wewe ulikataa. Ulifunga mlango, ukakaa. Hakuna aliyekuja, ila waliorudi baada ya wiki walikuta kakao yao imevunwa yote. Mara ya pili ilikuwa vilevile. Ukasimama kanisani ukawaambia: "Mbele ya kukimbia, muulize kwanza: nani analeta hii habari, na nani atabaki na mashamba?" Watu walikuita mwenye akili.

Mara ya tatu haikuwa uongo. Mimi nilikuwa kwa mume wangu Butembo. Mdogo wangu Kambale, aliyekuwa Beni siku ile, ndiye alinipigia simu. Alilia muda mrefu kabla ya kuweza kusema, kisha akasema maneno machache tu: "Dada, mzee alikatala tena kukimbia."

Miaka minne nimeishi na sentensi hiyo. Nimekukasirikia, Baba, na hilo ndilo nililoona aibu kulikiri mbele ya watu. Ijumaa napanga maneno yangu ya redio kwa jicho ulilonipa, Jumapili nakaa kanisani nikikulaumu kwamba jicho hilohilo ndilo lililokuua.

Sasa nikwambie ya tangazo. Lililetwa na bwana mmoja wa adabu nyingi, mnunuzi wa kakao, viatu vyake safi licha ya matope ya Butembo. Karatasi ilikuwa na muhuri. Ilisema njia ya Mutwanga iko salama, wakimbizi warudi mashambani kwao.

"Madame, ni habari muzuri," akasema. "Batu bamechoka. Usome mara tatu, asubuhi, muchana na magaribi."

Nikamuuliza: "Tangazo ya serikali, juu ya nini inaletwa na mununuzi wa kakao?"

Akacheka. "Tunasaidianaka."

"Na huyu aliyepiga muhuri, analala Mutwanga na batoto yake?"

Hakucheka tena. "Madame, weye iko na roho nguvu," akasema, akaiacha karatasi juu ya meza na kwenda.

Sikuisoma. Jumamosi ile nilisema tu yale ninayoyaamini: kwamba amani inayotangazwa wakati kakao imeiva inapaswa kuulizwa imetoka wapi. Kwamba mji mkuu wa jimbo umeangukia mikononi mwa waasi, benki zimefungwa, na bado kuna watu wanaotajirika, kwa hiyo tuwatazame hao. Kwamba wazee wa Butembo walitengeneza barabara zao kwa michango na majembe yao bila kungoja mtu wa Kinshasa, na leo tunafundishwa kwenye semina za misaada jinsi ya kuandika majina yetu ili tupewe sabuni. Najua wapo wanaoniita mwanamke wa zamani. Nilifundishwa na mtu wa zamani.

Alasiri hiyohiyo Kambale alikuja nyumbani. Sikujua jinsi alivyokonda. Anaishi na mke na watoto watano katika chumba kimoja cha kupanga, wanangoja unga wa msaada. Hakukaa.

"Dada, nimekusikia ku redio," akasema. "Unasema muzuri. Lakini batoto yangu banajua foleni, habajue shamba. Mutoto mukubwa ananiuliza kama kakao inaota ndani ya mufuko. Mimi narudia Mutwanga, tangazo ama bila tangazo."

Ningemwambia nini? Yale niliyokuwa nayahubiri kwenye redio, yeye ndiye aliyekuwa anayaishi. Nikamwambia: "Ngoja. Twende tuone kwanza, sisi wawili, muchana."

Tulilala Beni kwa shangazi, na kulipokucha tukapanda pikipiki mbili. Kwenye kizuizi askari mmoja alituuliza tunatafuta nini. Kambale akajibu, "Shamba ya baba." Askari alitutazama kidogo, akainua kamba. Nikajiuliza kwa nini hakuomba kitu. Unaona nilivyokuwa, Baba? Hata wema ulikuwa unanitia shaka.

Nilitegemea kukuta pori. Nikakuta shamba lako limefyekwa vizuri. Matawi yalikuwa yamekatwa kama ulivyokuwa unayakata, na chini ya mti wa pembeni kulikuwa na rundo la maganda ya kakao, mabichi, yaliyopasuliwa siku ileile. Kambale alishika panga lake. "Kuko mutu anakula shamba yetu," akaninong'oneza.

Mtu huyo akatokea kati ya miti na kikapu kichwani. Alikuwa Mama Kavira, jirani yetu mjane, aliyekuwa anaimba kwaya pamoja na marehemu Mama. Nilipaswa kumsalimu. Badala yake nikamwambia: "Kumbe ni weye."

Akateremsha kikapu polepole. "Masika, ulitaka niache inaoza?" akauliza. "Tunda moja likishika ugonjwa, miti yote inaugua. Na shamba inayokosa mutu ndani yake, batu bengine banaipa jina yabo. Mwezi ule ulioisha bamekuja na kamba ya kupima. Nilibaambia: shamba hii iko na benyewe, mimi niko wa jamaa. Bakaenda."

"Batu gani?"

"Bananunuaka kakao. Bako na viatu safi."

Kambale alinitazama. Nilihisi furaha mbaya ya mtu aliyekuwa sahihi. Na kwa furaha hiyo nikaongeza neno ambalo halikuhitajika: "Baba angejua kukimbia siku ile, hawa habangepima kitu."

Mama Kavira akatutazama mmoja mmoja. "Nani alibaambia kama hakukimbia?"

Kambale akasema alisikia hivyo Beni. Watu walisema mzee amekataa tena. Walikufahamu, kwa hiyo Kambale hakuuliza zaidi.

"Siku ile hakubisha hata," akasema Mama Kavira. "Alikuwa ku mulango, anakunywa kahawa. Aliona batoto ya mwalimu banapita mbio, bila viatu, habalie. Akaweka kikombe chini. Akaniambia: 'Leo ni kweli. Kamata bajukuu, upite ku mutoni.' Tulikwisha kufika karibu ya chapelle, ile kanisa ndogo, tuko naye. Tena akasema, 'Na Mukaka Asinati?' Yule bibi hakuwa anatembea tena, unamukumbuka. Benyewe ya nyumba balikuwa soko. Baba yako akarudi. Ile magaribi tulibakuta bote wawili nyuma ya chapelle. Alikuwa angali amemubeba ku mugongo."

Alikuzika yeye na wanaume wawili, haraka, kabla Kambale hajafika. Kisha wakatawanyika. Yeye alipita Kamango akaingia Uganda, akarudi mwaka jana. Alidhani tunajua.

Kambale alikaa chini juu ya maganda akalia kwa sauti. Mimi sikulia. Nilianza kumhoji Mama Kavira. Nilimuuliza ilikuwa saa ngapi, ulivaa nini, nani mwingine aliona. Alijibu yote bila kukasirika: alasiri mapema, koti lako la kanisa, wale wanaume wawili, mmoja yuko Kasugho hadi leo. Nilikuwa natafuta tundu katika maneno yake, Baba, na sikulipata. Ndipo nikapiga magoti katikati ya shamba lako, nikamwomba Mama Kavira msamaha, akaninyanyua na kunikung'uta matope kama mtoto.

Jumamosi iliyofuata nililisoma lile tangazo, mara moja tu. Kisha nikasema niliyoyaona: askari njiani, mashamba yanayopimwa kwa kamba na wasio wenyewe, na mama mmoja anayetunza mali ya jirani. Nikasema siwezi kumwambia mtu kumetulia, ila mwenye shamba aende na ndugu zake, mchana, aonekane. Yule bwana amelalamika kwa mchungaji, na mchungaji ameniomba nipunguze ulimi. Nimemwambia nitajaribu. Kambale amerudi. Anavuna pamoja na Mama Kavira hadi alasiri, halafu analala centre, katikati ya mji, na wenzake, na kila akinipigia simu, najibu kabla haijalia mara ya pili.

Bado siamini mihuri, Baba. Siamini mapatano yao wala semina zao, na sidhani nitabadilika. Nimeishuku kila habari ya nchi hii, nimeuliza kila mara nani ameileta na anafaidika nini. Moja tu niliipokea bila swali hata moja, miaka minne: kwamba ulikataa kukimbia.

Nisamehe. Wasingya kutsibu, Tata, asante sana Baba, kwa vile ulivyorudi kumchukua yule bibi.

Mimi binti yako mkubwa,
Masika