Nani Anachuma Pilipili Zangu?

Jumanne, 14 Oktoba

Wote wanaisimulia vibaya hadithi yangu. Wote! Leo tena, ukumbi wa wazee, mwenzangu Pyo kafungua mdomo mbele ya wageni. Eti mwaka aliozaliwa binti yangu Eunsil, mimi Ma Panseok nilikuwa chakari, nikamdhania dume, nikatundika pilipili kwenye kamba ya mlangoni, ile ya kutangaza uzazi. Mtaa mzima ukaja kunipongeza kwa mtoto wa kiume! Wakacheka mpaka meno ya bandia ya Pyo yakamtoka.

Uongo. Niliuliza, nikaambiwa wa kike, nikasema: sasa iweje? Wa kiume atundikiwe pilipili nyekundu, wa kike makaa na majani ya msonobari tu — nani kapanga? Nikakata pilipili za mapambo za mke wangu, zile ndogo zinazotazama juu, nikatundika zote. Makusudi! Mji mzima wa Gunsan hakuna mwanamume mwingine aliyethubutu.

Mche ninao bado, uko juu ya paa, uzao wa mbegu zilezile. Matunda yanaanza zambarau, yanakuja manjano, chungwa, mwisho mekundu kama taa za breki. Watu wanapanda ngazi kuja kuyapiga picha. Pyo anaotesha vitunguu kwenye ndoo, anajiita mkulima.

Jioni nikapanda kuutazama. Nyekundu zimepungua!

Alhamisi, 16 Oktoba

Zimepungua tena. Nyekundu tu. Za manjano hazijaguswa. Ndege? Ndege anadonoa, anaacha uchafu. Hizi zimekatwa na mkasi, vikonyo na vyote.

Mkasi! Paa hili tunatumia wawili, mimi na Bi Malsun wa chini. Yeye analima pilipili za kula kwenye maboksi ya samaki. Tangu kiangazi ananisema: Mzee Ma, hayo mapambo yako yanawachanganya nyuki, zangu zinatoka kali mno. Nikamwambia nyuki wana macho, wanaufuata uzuri. Akasema, "Uzuri ungekuwa unaliwa, ungekuwa umeshanenepa."

Ni yeye. Nani mwingine?

Jumapili, 19 Oktoba

Kuna jambo.

Eunsil yuko hapa tangu mwanzo wa mwezi. Kaja toka Seoul na sanduku kubwa, eti likizo. Mume kabaki huko, anapiga simu asubuhi na jioni. Miaka miwili mwanangu hajakanyaga hapa, leo likizo! Anavaa sweta pana kama hema. Nikikaanga samaki anakimbia. Anakula machungwa, basi. Chakula changu kimeshakuwa kibaya?

Halafu wananong'onezana, yeye na Malsun. Nikiingia jikoni, Malsun anaanza kusifia sufuria.

Leo nikasimama nyuma ya mlango. (Nilikuwa navaa soksi.) Eunsil: chumba amekiona, kizuri, kina joto, chakula kinaletwa, wanakuogeshea. Malsun: mzee asiambiwe kwanza, ataharibu.

Wanakuogeshea! Nani anataka kuogeshwa? Nyumba ya wazee hiyo. Wananipeleka! Na pilipili wanachuma ili mche uwe mtupu, nisiwe na cha kung'ang'ania. Nimeelewa yote sasa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nikawatega. Mezani nikasema, nasikia siku hizi nyumba za wazee zinafungwa kwa nje. Pyo anasema jamaa yake aliingia na viatu, akatolewa bila.

Eunsil akaweka vijiti vya kulia chini. "Baba, nani kakutajia nyumba ya wazee?"

"Hakuna. Naongea na supu."

Akanitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama. Hakucheka.

Ninajua kwa nini hanichekei tena. Miaka miwili iliyopita alinipigia kwamba ana mimba. Nikaenda ukumbini saa ileile, nikawanywesha wote pombe ya mchele, nikasema nimeota shamba zima la pilipili, ndoto ya mjukuu hiyo. Mimba ikatoka. Alipokuja sikukuu, sokoni kila mwanamke akamshika mkono: hongera, hongera! Akapanda basi jioni ileile. Furaha ni kosa? Mtu akifurahi anyamaze?

Jumatano, 22 Oktoba

Mpiga plasta wa miaka arobaini hashindwi na mwizi. Jana nikanyunyiza chokaa kuzunguka chungu cha mche. Leo asubuhi — nyayo! Ndala za Eunsil. Mwanangu mwenyewe! Zikashuka ngazi, nyeupe, moja kwa moja mpaka mlango wa Malsun.

Nikaingia bila hodi. Malsun kakaa sakafuni, anasokota kamba ya majani ya mpunga. Nikataka kuanza matusi. Halafu nikaona viganja vyake. Anasokota kuelekea kushoto.

Kamba ya kushoto hafungi mtu mzigo. Ni ya kitu kimoja tu: mlango wa nyumba yenye kichanga.

Na kando yake, kwenye gazeti, juu ya sakafu inayopashwa moto kwa chini: pilipili zangu zote, zinakauka vizuri, vikonyo juu.

"Haya, umeona," akasema. "Eunsil atajifungua mwezi wa tatu, Mungu akipenda. Wakati huo utapata wapi nyekundu kwenye mche?"

"Chumba je? Cha kuogeshwa?"

"Cha kutunzia mzazi na kichanga baada ya kujifungua, mzee mjinga we! Nani akuogeshe wewe?"

Nikakaa chini. Kumbe ni wa kiume, nikasema. Malsun akasema hapana, daktari kaona, wa kike. Pilipili kataka Eunsil mwenyewe. Na za mche ule tu, za dukani hataki. Anasema, kama baba alivyonifanyia.

"Sasa hilo domo, Mzee Ma. Ukumbini ukitoa hata kikohozi, kamba hii nakutundika wewe."

Ijumaa, 24 Oktoba

Pyo kaanza tena hadithi ya kamba. Akafika kwenye ulevi, akanigeukia anisubiri nimrukie. Nikamenya chungwa. "Ma, unaumwa?" Nikasema meno. Sijawahi kuchoka hivi kwa kunyamaza!

Nimerudi — nyumba tupu. Eunsil yuko hospitali na Malsun tangu mchana. Damu kidogo. Daktari kasema alale mpaka kesho, ndipo watajua.

Kanipigia mwenyewe. Sauti ndogo. "Baba, usimwambie mtu."

"Mtu gani? Mimi nina watu?"

Halafu: "Baba, ulivyotundika zile pilipili — ulijua kweli kuwa mimi ni wa kike?"

Nikasema lala, ukirudi nitakwambia.

Baridi imeshuka. Chungu nimekiingiza ndani, kipo hapa mezani. Nyekundu imebaki moja. Siigusi. Ataikata mwenyewe.

Atarudi, ataniuliza tena. Basi niandike hapa kwanza, nione inavyokaa. Pombe sikunywa, hilo kweli. Lakini hilo la kuuliza nimeliongeza mimi. Sikumuuliza mtu. Nilitundika kabla wakunga hawajatoka kuniambia. Walipotoka wakasema wa kike, nikavuta stuli nikazitoe. Nikapanda. Kamba nilishaishika. Ndipo Eunsil akalia humo ndani.

Nikashuka. Zikabaki.