Nilifua Maji ya Mke Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limeandikwa kwenye daftari la kituo, mtaani naitwa Dobi
Umri: Miaka 61
Kazi: Kufua na kupiga pasi nguo
Makazi: Nyumba ya tatu nyuma ya ghala la mbao
Yamechukuliwa: Ijumaa, tarehe 8, saa tatu na robo asubuhi

Sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu. Jirani yangu, Fundi Baiskeli, yuko mahabusu tangu jana kwa tuhuma ya kutia sumu kwenye tangi la mke wangu. Hakutia kitu. Aliyeharibu ni mimi.

Mke wangu anafuga kuku wa mayai mia moja na ishirini. Miaka miwili iliyopita aliona dagaa wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku wanazidi kuadimika, akasema hatuwezi kumaliza samaki wote majini ili kuku watage. Bwana shamba mmoja, ambaye sasa amehamishwa, alimpa glasi moja ya maji yenye mwani, ule mdogo usioonekana kwa macho ila kwa rangi yake ya kijani. Glasi hiyo ameilea mpaka ikajaza tangi zima uani, chini ya paa la nailoni. Huukoroga mara tatu kwa siku, huuchuja kwa shuka, huuanika, kisha huusaga na kuuchanganya na pumba na mahindi, badala ya sehemu kubwa ya dagaa. Shuka ni la mteja wangu ambaye hajalifuata mwaka wa tatu sasa. Naomba lisiingizwe kwenye jalada hili. Kuku wameupenda, na viini vya mayai vimekuwa na rangi ya chungwa lililoiva.

Rangi hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi. Mwezi uliopita Fundi, ambaye naye ana kuku wachache, alimwambia mke wangu dukani mbele ya watu, "Shemeji, haya mayai unayapaka rangi kwa ndani?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kidogo. Tangu siku hiyo mke wangu haitikii salamu ya Fundi.

Mnamo tarehe 4, Jumatatu, saa mbili asubuhi, nilimpeleka mke wangu hospitali kutibiwa goti, akalazwa. Hakuniagiza nguo wala chakula. Alisema, "Koroga asubuhi, mchana na jioni. Zaidi ya hapo usiguse. Nakujua."

Jumatatu na Jumanne nilikoroga. Jumanne saa kumi jioni Fundi alikuja tucheze drafti uani, kama kawaida yetu. Niliingia ndani kuangalia pasi. Niliporudi nilimkuta amesimama, akasema tumbo linamsokota, akaondoka. Nilikuwa namshinda, kwa hiyo sikushangaa.

Jumatano, tarehe 6, saa tisa alasiri, niliona povu na utelezi kwenye kuta za tangi. Nimefua nguo za watu miaka arobaini. Nikiona maji machafu mikono inaniwasha. Nikafikiri, mke wangu anarudi kesho na goti bovu, atainama kusugua kuta hizi. Nilitaka akute pameng'aa. Nilimwaga maji yote mtaroni, nikasugua tangi kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikajaza maji safi. Chupa yake ya mbegu, yaani mwani wa akiba wa kuanzishia tangi upya, iliyokuwa rafuni, nayo niliiosha, nikaianika. Kila wiki nilikuwa namwona akitia kijiko cha mbolea majini, nami nilidhani kijani kinatoka humo, kama buluu ya nguo: unatia kidogo, maji yanageuka. Nikatia kijiko kimoja, nikakoroga, nikangoja. Nikatia cha pili. Maji yalibaki meupe, sakafu ya tangi naiona.

Alhamisi, tarehe 7, saa tano asubuhi, alirudi. Hakukaa. Alichechemea moja kwa moja mpaka uani, akashika ukingo wa tangi, akauliza, "Nani ameua maji yangu?" Nikasema, "Sijui." Harufu ya dawa ilikuwepo, lakini nyumba yetu inanuka dawa hiyo tangu tuoane. Hakunishuku hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwenye duka akamwambia kwamba Jumanne alimwona Fundi akitoka kwetu na chupa ndani ya shati. Mke wangu akaja kushtaki hapa kituoni, na saa kumi jioni Fundi alikamatwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mdomo nimeufunga.

Leo saa moja asubuhi nilimletea Fundi chai hapa kituoni. Nikamwambia ukweli, kisha nikamuuliza kwa nini hajajitetea. Akasema kwa sauti ya chini, "Ile chupa nilichotea mbegu kwenye tangi lenu. Viini vya mayai yangu vimepauka, bwana. Sasa niseme nini? Afadhali nilale humu kuliko shemeji ajue nimekula matapishi yangu." Tukatazamana. Wanaume wawili wazima, mvi kichwani, tunamwogopa mwanamke mmoja mwenye goti bovu.

Chupa niliikuta dirishani kwenye banda lake la kazi, kati ya makopo ya grisi. Maji yake ni kijani kabisa. Nimekukabidhi, afande. Naomba isifungiwe kabatini na vielelezo vingine. Ikae kwenye mwanga, na mtu aitikise mara kwa mara. Katika kazi yote ya mke wangu ya miaka miwili, kilichobaki hai ni hicho.

Mke wangu hajui kwamba niko hapa. Nampenda sana. Nimeanza kwako, afande, kwa sababu wewe una pingu tu.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na niliyoyanyamazia. Nimeyasema kwa hiari, nimesomewa, nayakubali kuwa yangu.

Sahihi: Dobi

Maelezo ya askari aliyeandika: Chupa imewekwa dirishani, kaunta. Nimeitikisa mara mbili. Saa tano kamili mlalamikaji alifika, akasomewa maelezo haya. Aliuliza iwapo kusafisha tangi ni kosa lenye kifungo. Nilimjibu kwamba, kwa ninavyofahamu, hapana. Akasema, "Basi nirudishieni. Nitamfunga mwenyewe." Amefuta malalamiko. Fundi ameachiwa saa tano na nusu. Amemsalimu mlalamikaji, na mlalamikaji ameitikia. Wameondoka wote watatu. Mlalamikaji amebeba chupa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amemwegemea shahidi.