Dawa Uliyoninyima

Cheyo, Tabora
4 Machi 1974

Dada yangu Batuli,

Shikamoo. Hujambo huko Urambo? Mwanao Mabruki na wanawe hawajambo? Kijiji chenu kipya mmekizoea? Mimi ukiniona dukani utasema mzima, lakini si mzima.

Damu imerudi, dada. Ilikoma miaka kumi iliyopita, na tangu Diwali inanijia tena. Mwanangu Kanji ameona nakonda, nikamwambia ni mgongo. Nitamtajiaje mtoto wa kiume habari hizi? Kwa Kigujarati hata maneno yake sina. Nilitoka kwetu nina miaka kumi na sita. Mambo ya uzazi umenifundisha wewe, kwa Kiswahili, ukinizalisha.

Sasa Kanji anataka kunipeleka London kwa ndugu yake, nikatibiwe huo mgongo. Niseme na daktari wa huko kwa kinywa cha nani? Siendi. Nitumie ile mizizi uliyompa Mwanahawa.

Mdogo wako,
Jasoda

Urambo
15 Machi 1974

Mdogo wangu Jasoda,

Marahaba. Sisi wazima, tunalalamikia jembe tu. Barua yako nimeisoma mwenyewe, maana tangu nianze kisomo cha watu wazima sisomewi tena. Kisha nikaichoma.

Mizizi ninayo, na sikupi. Mwanahawa alikuwa mzazi, ametoka kujifungua. Damu ya mwanamke aliyekwisha koma ni jambo jingine. Mama yangu ilimrudia hivyo hivyo. Nikamchemshia mizizi miezi saba, nikamzika. Nenda hospitali. Usipokwenda, nitamwandikia Kanji neno kwa neno.

Dada yako,
Batuli

Tabora
2 Aprili 1974

Batuli,

Sikuamkii. Miaka arobaini na miwili nakuita dada, leo nakuomba dawa unanitisha kwa mwanangu? Mwandikie, na usinijue tena.

Jasoda

Tabora
9 Juni 1974

Dada yangu Batuli,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani, wodi ya wanawake.

Nilikungoja umwandikie Kanji. Hukumwandikia. Asubuhi moja nikafunga duka, nikaja hapa peke yangu. Muuguzi mmoja, Bertila, akanivutia pazia, akaniuliza nasumbuliwa na nini. Nikamwambia yote, kwa maneno yale yale uliyonifundisha. Daktari akanipima, akasema kizazi kina uvimbe mbaya, kitolewe upesi.

Kanji akaja mbio. "Mama, tiketi ya London imeshakatwa!"

"Basi nenda wewe."

"Na hapa nani atatia saini?"

"Mwenye tumbo."

Nikatia. Kisha nikamtajia ugonjwa wangu kwa Kiswahili, bila kuzunguka. Aliinamisha kichwa kama aliyepigwa. Baadaye akauliza taratibu, "Unaumwa sana, mama?" Nikasema ndiyo, mwanangu, sana. Tukalia wote wawili.

Nilipasuliwa wiki iliyopita. Daktari anaona wamewahi, ila hataki kuapa. Wanawake wa hekaluni wamekuja kunisikitikia eti nimeikataa Ulaya. Mwanangu wa London naye ameandika niende nikapumzike kwake. Nimemjibu: hapa ndipo nilipoumwa, na hapa hapa nitapona au nitashindwa.

Wewe bado nimekukasirikia, na barua haitoshi. Panda treni uje, nikukasirikie ana kwa ana.

Mdogo wako,
Jasoda